Daftari la Kondoo

Nolberto, daftari lako la kunyolea kondoo
nimelichukua. Usinune.
Kurasa za kushoto bado ni zako,
mwandiko umelala upande mmoja kama miti ya huku
iliyofunzwa na upepo kuinamia mashariki:
Januari tatu, kondoo mia na themanini na wawili.
Januari nne, mvua, sufi imelowa, hatukunyoa.
Kurasa za kulia ni zangu:
chembe sahani, elfu kumi na moja.
Chembe sahani, elfu nane.
Mtu mzima anahitaji laki moja na nusu,
nami miaka ishirini na sita nimelala ubavuni mwako
nisijue hata kwamba zinahesabika.

Ilianza kwa doa pajani, rangi ya kalafate iliyoiva.
Ukasema kondoo dume amekupiga teke.
La pili mgongoni. Ukasema ni yule yule.
La tatu ufizini, damu kwenye mkate
nilioutoa jikoni sasa hivi,
na jikoni mwangu hajaingia kondoo.

Damu yako imepanda ndege mara tano kwenda Santiago.
Mimi sijawahi.
Vichupa sita vyenye jina lako, juu ya milima ya theluji,
na kila mara jibu linarudi kwa simu, sauti ya adabu:
si hiki, si kile, chanzo hakijulikani.
Wakakutoboa mfupa wa nyonga wauchungulie uboho.
Uboho nao ukanyamaza.
Daktari Oyarzún alivua miwani, akaifuta, akaivaa,
akaifuta tena.
Nilimhurumia, halafu nikamchukia, halafu nikamuuliza
kama ameshakula.

Ugonjwa wenye jina unaweza kuutukana.
Huu wetu nauita Wewe.
Wewe, nauambia usiku, mwache alale.

Nimeficha nyembe katika kopo la unga.
Mikasi yako mikubwa iko kwa dada yangu Edelmira,
imefungwa kwa gunia, naye anaiogopa kama nyoka.
Nimekununulia mswaki wa mtoto mchanga.
Ukaniuliza, na kijiko je, kijiko hukiogopi?
Tukacheka. Kisha vile vidonge vikakuvimbisha uso,
vikakupa hasira za mtu nisiyemfahamu,
ukaubamiza mlango hadi bati la paa likalia.
Nilizipokea hasira zile kama barua iliyokosea nyumba.
Nikaziweka mezani. Mwenyewe hakuja kuzichukua.

Watu wanasema damu ni nzito kuliko maji.
Waje waione yako, inavyokimbia
kwa kijikwaruzo cha sanduku la kuni,
na mimi nimeubana mkono wako kwa taulo, nahesabu,
dakika kumi, ishirini, arobaini,
siku upepo ulipokuwa mkali hadi manispaa
wakafunga kamba njiani watu washike wasipeperuke.
Sikuwa na kamba. Niliushika mkono.

Jumanne walipiga simu: elfu thelathini na moja.
Nikauliza, imepandaje? Wakasema, hatujui.
Hatujui ile ile, neno lile lile,
na safari hii nikalibusu kwenye simu kama kichaa.
Sikuahidiwa lolote. Ijumaa huenda ikashuka.

Jioni ukataka kunyolewa.
Nikaleta mashine ya umeme, ile isiyokata,
nikakuketisha sakafuni, mgongo kwenye magoti yangu,
kama unavyowaketisha wao.
Ukanifundisha umefumba macho:
vuta ngozi kwa mkono wa kushoto,
usiende mbio, mnyama anajua ukiwa na hofu.
Mkono wangu ulitetemeka, nawe ukajua.
Nywele zako za shavuni zimekuwa nyeupe, Nolberto,
zilianguka juu ya aproni yangu kama sufi ya daraja la pili.

Hukutoka damu.

Ulipolala nikafungua daftari.
Nikaandika kushoto, upande wako, kwa mwandiko wangu uliosimama:
Agosti kumi na tisa. Upepo.
Kondoo mmoja.